Dirisha la Kumtazama Bi Parvin

Wengine wakiachwa hulia. Wengine hukonda, wengine hunenepa, na wengine huanza kuandika mashairi, jambo ambalo ni mzigo kwa jamaa zao wote. Ummukulthum wa Kuze hakufanya lolote kati ya hayo. Yeye alitafuta msanifu majengo.

Tena hakutafuta msanifu yeyote. Kisiwa cha Mombasa kina wasanifu wengi, baadhi yao wazuri na baadhi yao wenye magari makubwa tu. Ummu alimtaka mmoja peke yake, mwenye ofisi Ganjoni, ambaye jina lake halikuwa limetamkwa nyumbani kwao kwa miaka miwili. Mama yake, Bi Sheikha, akilazimika kumtaja husema "yule", na wote walioko mezani huacha kutafuna kidogo, kama anayetajwa ni marehemu. Yule hakuwa marehemu. Aliitwa Kaizar Akbarali, alikuwa na afya njema, na alizaliwa katika nyumba iliyo ng'ambo ya kichochoro chao.

Ummu alimpigia simu wakati wa chakula cha mchana, akiwa nyuma ya duka la dawa la Makadara alikofanya kazi, kwa sauti ya mtu anayeagiza mtungi wa gesi. Alimweleza kwamba wanataka kuongeza chumba juu ya paa la nyumba yao, kwamba watu wa hifadhi ya Mji wa Kale hawaruhusu jiwe kuwekwa juu ya jiwe bila ramani ya msanifu, na kwamba amesikia kazi yake si mbaya.

"Chumba cha nini?" akauliza Kaizar.

"Cha harusi yangu."

Upande wa pili ilisikika tuktuk ikipita, kisha nyingine, nayo ikapita.

"Nitakuja Jumamosi," akasema.

Hapa inafaa msomaji aelezwe mambo mawili. La kwanza, katika nyumba kongwe za Kuze na Kibokoni, binti akikaribia kuolewa kwao huongezwa chumba juu, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Bibi harusi habebi begi lake kama mwanafunzi wa bweni siku ya kufungua shule. Nyumba ya kina Ummu ilikua namna hiyo, ghorofa juu ya ghorofa, kila moja na bibi harusi wake. La pili, bwana harusi hakuwepo. Si kwamba alikuwa safarini Dubai. Hakuwepo kabisa duniani. Ummu alimtunga mwenyewe akipanga chupa za dawa ya kikohozi, na aliyejua siri hiyo ni mama yake tu, ambaye kwanza alikataa, kisha akanyamaza, kisha akauliza huyo bwana harusi anapenda kula nini.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Miaka miwili nyuma, Kaizar aliahidi kuwaleta wazee wake kumposa Ummu, Ijumaa baada ya alasiri. Bi Sheikha alikaanga sambusa tangu asubuhi. Kaka yake, Mjomba Shukri, ambaye ndiye mzee wa nyumba tangu babake Ummu afariki, alinyoa ndevu zake alizozipenda. Wakakaa ukumbini, sahani zimefunikwa kawa, wakangoja mpaka adhana ya isha. Hakuja mtu. Baadaye mtaa ukaleta habari kwamba Bi Parvin, mamake Kaizar, amesema mwanawe hatahamia kwa mke kama mpangaji, tena katika nyumba inayoshikiliwa na utando wa buibui. Wazee wa upande wake wakagoma pamoja naye.

Hilo Ummu angeweza kulisamehe. Mama za watu husema mengi. Alichoshindwa kukisamehe ni dirisha. Jioni ile alipokwenda kufunga dirisha la ukumbi, alitupa jicho pembeni akaona vibao vya dirisha la Kaizar vikifunguka kidogo, kisha vikifungwa polepole. Kaizar alikuwa nyumbani. Alisimama pale muda wote akiitazama taa yao ikiwaka, na hakushuka ngazi. Ummu aliingia jikoni akala zile sambusa peke yake, zikiwa baridi, na kila aliyoimeza aliiwekea nadhiri.

Jumamosi ilipofika, Kaizar alipiga hodi akiwa na mfuko wa karatasi, tepu ya kupimia na shati jeupe ambalo, kwa bahati mbaya, lilimpendeza. Bi Sheikha alimfungulia. Kaizar akamtolea salamu, na Bi Sheikha akaiitikia kwa sababu kuitikia salamu ni wajibu wa Mwislamu, lakini hakuongeza neno moja zaidi. Akamwonyesha ngazi kwa kidole, kama mwalimu wa zamu anavyomwonyesha mwanafunzi mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu.

Ummu alikuwa akimngoja juu, katikati ya kamba za nguo. Alikuwa amevaa buibui jipya na wanja, na alijiambia kwamba wanja ni sehemu ya vita. Kaizar alipotokeza kichwa mlangoni akasimama. Akamtazama, akatazama chini, akatazama tangi la maji kama aliyelikosa kwa muda mrefu.

"Masalkheri, Ummu."

"Masalkheri, Bwana Msanifu. Tuanze kazi."

Wakaanza. Kaizar alipima, Ummu akashika upande wa pili wa tepu, na kila tepu ilipojikunja yenyewe ilimvuta mmoja kuelekea kwa mwenzake, jambo ambalo watengenezaji wa tepu hawakulifikiria. Kaizar aliuliza maswali ya kazi yake. Kitanda kitakaa wapi. Upepo wa usiku wautaka kichwani au miguuni. Choo kisielekee kibla. Ummu alijibu yote bila kupepesa, na kila aliposema "sisi" alilikazia neno hilo kidogo, akaona linaingia.

"Bwana harusi ana urefu gani?" akauliza Kaizar. "Kwa ajili ya mlango."

"Mrefu."

"Kama mimi?"

"Zaidi."

Kaizar akaandika. Mlango ukapandishwa.

Ndipo Ummu akafikia alilolikusudia. Akasogea ukingoni mwa paa, akanyoosha mkono ng'ambo ya kichochoro, mpaka kwenye lile dirisha la vibao lililofungwa.

"Hapa nataka dirisha," akasema. "Kubwa. Liangaliane na lile."

Kaizar akaacha kuandika. Kila mtu wa Mji wa Kale anajua jambo hili, hata asiyejua kusoma ramani. Madirisha ya nyumba mbili zinazotazamana hayawekwi jicho kwa jicho. Mjenzi husogeza lake kulia au kushoto, ili jirani asimwone jirani akiwa amelegea nyumbani mwake. Ni adabu ya mawe, na fundi anayeivunja haitwi tena na mtu mwingine. Kaizar alimweleza hayo kwa upole, kama anayemweleza mtu asiyejua, ingawa alijua kwamba Ummu anajua.

"Mamangu hulala chumba kile siku hizi," akaongeza. "Mimi nilihamia Ganjoni."

"Najua analala pale. Nataka kila jioni akifungua dirisha aione taa yangu. Anione nimekaa na mume wangu, tunakunywa chai. Halafu aangalie mpaka achoke."

"Siwezi kuchora dirisha kama hilo, Ummu."

"Wewe hilo ndilo unalolijua zaidi," akasema. "Kusimama dirishani."

Uso wa Kaizar ulifanya kitu ambacho Ummu alikuwa amekingojea miaka miwili. Ajabu ni kwamba alipokiona hakikumpa raha aliyoitarajia. Kilimchoma mahali fulani chini ya shingo. Akakilaumu chakula cha mchana.

Kaizar akageuza karatasi akauliza, kwa sauti ya kazi, kama bwana harusi atahitaji meza ya kuandikia.

"Atahitaji," akasema Ummu. Hili alikuwa hajalitayarisha, basi akalijibu kwa haraka. "Meza iwe karibu na dirisha lakini isilielekee, maana akiona watu wakipita hafanyi kazi. Na mwanga utoke mkono wa kulia, usije ukamtilia kivuli. Yeye huandika kwa kushoto."

Penseli ikasimama.

Ilikuwa mkononi mwa Kaizar, na mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Ubavu wa kiganja chake ulikuwa mweusi kwa risasi ya penseli, kama ulivyokuwa mweusi siku zote tangu walipokuwa wakikaa jamvi moja madrasa, na Ummu akimcheka kwamba ananawa kwa wino. Ummu akautazama ule weusi. Kaizar naye akautazama. Juu ya kamba shuka la Bi Sheikha lilipigwa mara moja na upepo, kisha likatulia.

Alikuwa amemtunga mwanamume mzima, akampa urefu, akampa safari, akampa hata kazi bandarini. Ila alipofika mikononi hakuwa na mikono mingine ya kumpa.

"Huyo bwana harusi," akasema Kaizar taratibu, "ana bahati kuwa na mtu anayemjua hivyo."

"Chora dirisha," akasema Ummu, akashuka ngazi kabla ya wanja kufanya usaliti.

Ramani ilipokuwa tayari, iliwapasa wamwite jirani. Hii nayo ni desturi. Huwezi kupandisha ukuta ukamzibia mtu upepo bila kumketisha, kumnywesha kahawa na kumwonyesha utakachojenga, mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Bi Parvin angeweza kukataa kuja, lakini angekuwa ametangaza vita mbele ya Kuze nzima, na yeye ni mwanamke anayependa vita vya kimyakimya. Akaja baada ya alasiri, na dupatta yake, mtandio wa kijani, na marashi yaliyotangulia ngazini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzipanda ngazi zile.

Ummu alimkaribisha mwenyewe. Alimkalisha kwenye kochi lilelile ambalo Bi Sheikha alilikalia Ijumaa ile. Mezani aliweka sahani zilezile, na juu yake kawa zilezile. Mjomba Shukri alikuwa pembeni na kanzu, ndevu zimeota tena. Kaizar alikaa karibu na mlango, ramani magotini, kama mtahiniwa anayengoja matokeo.

Akaikunjua. Bi Parvin akavaa miwani. Alikuwa na jicho kali, na hakuhitaji kuelezwa mengi. Kidole chake chenye pete kikapita juu ya ngazi, juu ya mlango mrefu kupita kiasi, kikafika ukutani kikasimama.

"Dirisha hili laangalia kwangu."

"Ndiyo, Mama," akasema Kaizar.

"Jicho kwa jicho."

"Ndiyo."

"Na umelichora wewe."

"Nimelichora mimi. Mwenye nyumba amelitaka. Nikafikiri, Mama, katika dirisha la upande wetu kuna mtu aliwahi kusimama akawaangalia watu hawa bila kuonekana. Si vibaya wakipata la kwao."

Ummu aliinua macho. Alikuwa ameapa kutomtazama, akamtazama. Bi Parvin alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya dupatta, taratibu, na kwa muda hakumwangalia mtu. Kisha akamgeukia Bi Sheikha akasema, kwa adabu iliyopigwa pasi, kwamba haridhii wala hakatai. Kwanza anataka kumwona huyo mwanamume atakayekaa akitazama nyumbani mwake. Ni haki yake.

"Ni haki yako," akasema Ummu, na moyo wake ukaruka, kwa sababu mtego ulikuwa umejifunga wenyewe. "Yuaja. Tumngoje kidogo."

Wakamngoja.

Sahani hazikufunuliwa, kwa kuwa chakula cha mgeni hakifunuliwi kabla mgeni hajafika. Feni ilizunguka. Mjomba Shukri akasimulia habari za goti lake, zikaisha. Akaanza za goti la pili. Bi Parvin akatazama mlango, akatazama saa ya ukutani, akauliza kama bwana harusi anatoka mbali. Ummu akasema si mbali. Chini kichochoroni watu wakapita, na kila waliposikika Bi Parvin alijiweka sawa, akatengeneza dupatta, na nyayo zikapita zikaenda zake. Harufu ya sambusa ikapungua kidogo kidogo. Mwanga ukahama kutoka kwenye zulia ukapanda ukutani. Bi Sheikha aliketi ameinamisha kichwa, mikono imeshikana, sawasawa kama alivyoketi siku ile.

"Huyu mtu haji," akasema Bi Parvin hatimaye.

"Huenda yuko karibu," akasema Ummu. "Huenda amesimama mahali nyuma ya dirisha."

Hapo Bi Parvin alielewa. Ilionekana wazi, kama taa inapowashwa chumbani. Akazitazama zile kawa, akamtazama Bi Sheikha, akalitazama kochi alilokalia.

"Unachoka, Bi Parvin?" Ummu aliuliza kwa upole. Maneno haya aliyafanyia mazoezi muda mrefu, mbele ya kioo. "Wewe umekaa tangu alasiri na magharibi haijaingia. Mama yangu alikaa mpaka isha. Akavaa dhahabu zake. Nilitaka ujue tu kochi hili linavyokuwa, ukikaa juu yake na mtu haji—"

Hakumaliza. Kaizar alikuwa amesimama. Akaikunja ramani, akaiweka mezani karibu na sahani, akatoka. Nyayo zake zikashuka ngazi, mlango wa chini ukalia.

Ummu alibaki amesimama katikati ya ukumbi na nusu ya hotuba yake mdomoni. Amekimbia tena, akafikiri. Na safari hii nimempa mlango mwenyewe. Alikuwa ameshinda, kila mtu aliyekuwa pale aliliona hilo, na alitamani aingie jikoni asionekane.

"Hodi."

Sauti ilitoka chini. Haikuwa kubwa.

Mjomba Shukri akafungua mdomo aitikie. Ummu akainua mkono, na Mjomba akaufunga. Ummu akaenda dirishani akatazama chini. Kizingitini palikuwa na jozi moja ya viatu, vimevuliwa na kupangwa pamoja, visigino nyuma. Jozi moja tu. Hakukuwa na viatu vya baba mdogo wala vya mjomba wala vya mzee yeyote wa kwao. Mwanamume aliyeogopa zamani kuja kuposa peke yake alikuwa amesimama peke yake katikati ya Kuze, wakati ambao mtaa mzima umekaa barazani.

Ummu alirudi mezani. Akafunua sahani, akachukua sambusa moja, akaitafuna. Ilikuwa baridi.

"Hodi," Kaizar akasema mara ya pili.

"Mwanangu," Bi Sheikha alinong'ona, "mjibu."

Kila mtu chumbani alijua hesabu. Hodi ni tatu. Asipojibiwa ya tatu mgeni mwenye adabu hugeuka akaenda zake na asiulize kwa nini, na Kaizar, kwa makosa yake yote, alifunzwa adabu na mwalimu yuleyule aliyemfunza Ummu. Ya nne hangepiga. Ummu akamgeukia Bi Parvin.

"Bi Parvin, mimi sina neno la kusema. Mlangoni kuna mtu. Ukimwambia karibu, ataingia kwenye nyumba ya utando wa buibui, na atakaa chumba cha juu kama mpangaji. Usipomwambia, atakwenda, na mimi nitajenga dirisha langu na kuwasha taa, na chumba kitakuwa kitupu. Utakitazama kila jioni. Chagua."

Bi Parvin alikuwa amefinya ncha ya dupatta mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Alitazama upande wa dirisha, ambako ng'ambo ya pili, kwa pembe, kilionekana chumba ambacho mwanawe alikihama miaka miwili iliyopita na hajarudi kulala hata siku ya Idi.

"Hodi," ikasema sauti kutoka chini. Ilikuwa imekauka.

"Karibu," akasema Bi Parvin.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayekohoa ndani ya leso.

"Hajakusikia, Bi Parvin," akasema Ummu. "Kwa sauti."

Mjomba Shukri akakazia macho goti lake. Chini, kiatu kimoja kilisogea juu ya jiwe, kama cha mtu anayeanza kuvaa ili aende zake. Bi Parvin akasimama, akaenda mpaka kichwa cha ngazi, akavuta pumzi.

"Karibu, Kaizar," akaita, na barazani watu walisikika wakinyamaza. "Karibu ndani, mwanangu. Panda."

Nyayo zikaanza kupanda. Hazikuwa za haraka. Bi Parvin alirudi akakaa kwenye kochi, karibu kidogo na Bi Sheikha kuliko alivyokuwa, akauliza bila kumtazama mtu:

"Na dirisha?"

"Dirisha linabaki," akasema Ummu. "Utakuwa ukimwona akinywa chai."

Bi Parvin hakusema kama ameridhia. Alitoa miwani yake akaivaa, akaivuta ramani kwake, akalitazama lile dirisha upya, muda mrefu, kama mtu anayepima pazia.

Kaizar akatokeza mlangoni, miguu mitupu, jasho usoni, ubavu wa kiganja mweusi. Hakuwatazama mama zao. Alimtazama Ummu, na Ummu akahisi nadhiri zake zote zikigombania kutoka kwa mlango mmoja.

"Samahani," akasema. "Nimechelewa."

"Sana," akasema Ummu. "Kaa."

Akakaa. Bi Sheikha, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa, akainuka haraka akaishika sahani.

"Nizipashe moto hizi, mwanangu?"

Ummu akaichukua sahani mikononi mwa mama yake, akaiweka mbele ya Kaizar.

"Ziache, Mama," akasema. "Atazila baridi."